Mtoto wa kidato cha tatu na kitabu cha kampo

Mama mmoja wa Makadara alinitumia meseji WhatsApp saa tano usiku, ndefu, bila nukta bila koma, na siibadilishi sana: "Mwalimu samahani kukusumbua usiku huu huyu binti yangu ameacha vitabu vyake vya shule ameshika vya kakake wa kampo anasoma kalkulasi mpaka saa sita na KCSE ni mwaka ujao nimwache ama nimnyang'anye." (KCSE ni ule mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne.) Nikamjibu, Mama, nipe mpaka Jumamosi. Siku nne hizo nimekuwa nikiliwaza hilo swali kwa matatu, jikoni, kila mahali, kwa sababu si la mama mmoja, nimeshaulizwa na wazazi wengine kwa maneno tofauti tofauti na kila nikijibu haraka haraka baadaye najuta.

Binti mwenyewe namjua. Jumamosi huwa tunakaa na watoto kadhaa maktaba ya Kaloleni tukipiga hesabu, na yeye huja, anakaa karibu na dirisha. Si ati ndiye mwenye mbio kuliko wote. Kuna kijana hapo anamaliza maswali kumi kabla yeye amalize manne. Lakini huyu binti ana tabia moja ambayo imenifanya niandike haya yote, wenzake wakishafungua ukurasa mwingine yeye bado anauliza, "Ticha, lakini kwa nini?"

Sasa tuanze na hilo neno lenyewe, vitabu vya kampo, yaani hesabu za chuo kikuu. Linatisha wazazi vibaya sana. Mzazi akisikia mtoto anasoma hesabu za chuo anafikiria mambo mawili tu, ama huyu ni jiniasi nimpeleke kwa televisheni ama huyu anaharibika kichwa. Yote mawili si kweli, na ukitaka kujua kwa nini si kweli tafuta mtu yeyote hapa Nairobi aliyepitia kidato cha sita, wako wengi, wana miaka hamsini na kitu kwenda juu, umuulize alisoma nini kwa hesabu alipokuwa Fomu Faivu. Atakuambia difrensiesheni (kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani) ya sine na cosine, intigresheni kwa kubadilisha vigeu, namba changamano, vekta. Alikuwa na miaka kumi na nane hivi, amevaa yunifomu, anapigiwa kengele ya kwenda prepu. Hakuna aliyemwita jiniasi. Ilikuwa ni hesabu ya kidato cha tano basi.

Kilichotokea ni kwamba mstari ulisogezwa. Zamani tulikuwa na 7-4-2-3, miaka saba ya primari, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya chuo. Tume ya Mackay ya 1981 ndiyo iliyopendekeza chuo kikuu cha pili na pia huu mfumo wa 8-4-4, ukaanza 1985, na 1989 kidato cha sita cha mwisho kikafanya mtihani mwaka uleule ambao KCSE ya kwanza ilifanywa. Ile miaka miwili ya katikati ikapotea, digrii ikatoka miaka mitatu ikawa minne, na zile hesabu za katikati zikagawanywa kama mali ya marehemu, kipande kidogo kikashushwa chini kwa kidato cha nne (ndiyo sababu watoto wetu wanafanya difrensiesheni na intigresheni ya polinomia peke yake mwishoni kabisa mwa silabasi, wakati kila mtu amechoka) na kipande kikubwa kikapandishwa juu kikaitwa Kalkulasi ya Kwanza, mwaka wa kwanza, semista ya kwanza. Kwa hivyo unaposema hesabu za chuo unataja mpaka uliochorwa na kamati. Ubongo wa mtoto wa miaka kumi na saba haukubadilika 1989.

Na huo mpaka hauko mahali pamoja kwa kila mtoto wa Nairobi, hapa ndipo roho yangu huuma. Toka Kaloleni panda matatu mpaka mjini, panda nyingine uende upande wa Gigiri ama Karen ama Lavington, ingia shule inayofuata mtaala wa Cambridge ama wa IB ama wa Kimarekani. Utakuta mtoto wa rika lilelile la huyu binti anafanya milinganyo ya difrensho, anafanya namba changamano, na hakuna anayeshtuka, ni Jumanne ya kawaida. Wale wa mtaala wa Kimarekani wana kitu kinaitwa AP, kilianza miaka ya 1950 huko kwao, mwanafunzi wa sekondari anasoma kozi ya kiwango cha chuo, mwezi wa Mei anafanya mtihani unaosahihishwa kutoka 1 mpaka 5, na kuna vyuo ukipata alama ya juu wanakuondolea hiyo yuniti kabisa. MIT kwa mfano ukienda na 5 ya Kalkulasi BC wanakuhesabia kozi yao ya kwanza ya kalkulasi kama umeifanya. Mtoto anaingia chuo ameshavuka mlima mmoja, muda unaobaki anafanyia vitu vingine.

Mtoto wa Makadara naye? KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, inatazama gredi za KCSE na pointi za klasta, yaani za masomo yanayohusika na kozi. Hata kama alisoma kalkulasi yote peke yake kwa bando za mia mia, akimtazama Gilbert Strang wa MIT akifundisha matriki kwenye intaneti usiku wakati bando ni rahisi, siku ya kwanza chuoni ataketi pamoja na kila mtu aanze na maana ya fankshoni. Haya yote aliyojifunza hayana mahali pa kuandikwa. Hapo tofauti si akili hata kidogo, ni karo. Tumewapa watoto wa wenye uwezo kidato cha tano na sita kwa jina lingine na hawa wengine tukawaambia msiharakishe.

Kwa hivyo ningekuwa nimejibu usiku uleule ningesema mwache asome. Na hilo bado nasema. Lakini kuna upande mwingine ambao nimeuona kwa macho yangu na nisipousema nitakuwa nimemdanganya huyu mama.

Mimi niliingia chuo na A ya hesabu. A safi. Wiki ya tano tukafanya CAT ya kwanza ya kalkulasi, ule mtihani mdogo wa katikati ya semista, nikapata alama ambazo sikuwahi kuziona kwa maisha yangu, na haikuwa ati sikusoma, nilisoma mpaka macho yakawa mekundu. Shida ilikuwa sikujua kwamba kile nilichokuwa nikifanya sekondari na kile walichotaka pale ni kazi mbili tofauti. Wanaojua karatasi ya KCSE watanielewa, karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu, sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima, sehemu ya pili maswali 8 unachagua 5. Ukishafanya pasti pepa za miaka kumi unaanza kuzitambua sura. Hii ni ya longitudo na latitudo, hii ni ya linia programu, hii ni ya ile fomyula ya trapeza. Ukiitambua sura mkono unaandika wenyewe. Nilikuwa hodari sana wa kutambua sura na niliamini huo ndio uhodari wa hesabu.

Chuoni lekchara akaandika kwa ubao maana ya limiti. Wale mliopita hapo mnaijua, ile yenye epsiloni na delta, na wengi mliikariri kama mimi nilivyoikariri neno kwa neno bila kuelewa inasema nini. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ni maneno ya kushindana tu kati ya watu wawili. Chukua 3x + 1. Mimi nadai x ikikaribia 2 jibu linakaribia 7. Wewe huniamini, unaniambia haya basi, nataka jibu lisiachane na 7 kwa zaidi ya 0.01, utaweza? Mimi nakujibu, weka x isiachane na 2 kwa zaidi ya 0.003, kwa sababu mara tatu ya 0.003 ni 0.009, bado niko ndani. Wewe unakaza, nataka 0.0001. Mimi nakujibu tena kwa kugawanya kwa tatu, 0.00003 inatosha. Utakazana mpaka uchoke na kila ukitaja nambari nitakuwa na jibu. Hiyo kwamba nina jibu kwa kila nambari utakayotaja, hata ambayo hujaifikiria, hiyo ndiyo limiti. Ni wazo zuri ajabu na mtoto wa kidato cha tatu anaweza kulielewa mchana mmoja kama kuna mtu wa kukaa naye. Lakini hakuna pasti pepa inayoweza kukupa.

Sasa fikiria nilivyokuwa mimi, halafu nipewe kalkulasi nikiwa na miaka kumi na sita. Ningeimeza vilevile, sura na fomyula. Na ndivyo ninavyowaona wengi wanaoletwa kwangu wakisemekana wako mbele. Unamuuliza difrensiesheni ya x kipeo cha tano anakujibu kabla hujafunga mdomo, "shusha kipeo, toa moja," anaimba kabisa kama wimbo wa nasari. Unamuuliza kwa nini kipeo kinashuka, kimya. Mzazi amesimama hapo nyuma anatabasamu kwa sababu mtoto amesema neno difrensiesheni.

Kuna swali moja mimi hutumia na ninawapa bure wazazi na walimu wote. Mwambie mtoto akutafutie difrensiesheni ya 1/x kutoka mwanzo kabisa, bila ule wimbo. Inabidi achukue 1/(x+h) atoe 1/x, kisha agawanye na h, kisha aiache h ipungue mpaka karibu na sifuri. Ukiangalia hiyo kazi yote kalkulasi ni mstari mmoja tu, wa mwisho. Iliyobaki ni kutoa sehemu zenye maherufi, kazi ya kidato cha pili. Na hapo ndipo wanapoanguka karibu wote. Anaandika 1/(x+h) ni sawa na 1/x + 1/h. Ama anapanua (a+b) mraba anapata a mraba jumlisha b mraba. Kalkulasi haijawahi kumshinda, ni aljebra ya miaka miwili nyuma iliyokuwa na tundu na tukajenga ghorofa juu yake, na sisi watu wa Nairobi tunajua vizuri kinachofanyikia ghorofa za namna hiyo.

Hata Wamarekani wenyewe, ambao ndio wenye hii AP, walishtuka. Mwaka 2012 chama chao cha wanahisabati wa vyuo, MAA, na kile cha walimu wa hesabu, NCTM, walitoa taarifa ya pamoja wakisema lengo la sekondari lisiwe kumkimbiza mwanafunzi afike kalkulasi, liwe kumjengea msingi, kwa sababu wako wanafunzi waliosoma kalkulasi sekondari wakifika chuo wanairudia palepale ama wanaanzishwa hata chini yake. Kule inasukumwa na mbio za kutafuta nafasi za vyuo, kila mtu anataka hiyo kozi ionekane kwa faili. Sisi tukiiga jambo hili tuige na hiyo taarifa, tusiige mbio peke yake.

Na kuna habari ya mwanahisabati Terence Tao ambayo watu hupenda kuisimulia nusu. Alizaliwa Adelaide, Australia, 1975, akiwa na miaka tisa alikuwa akihudhuria masomo ya hesabu Chuo Kikuu cha Flinders, 1988 akachukua dhahabu ya olimpiadi ya kimataifa ya hesabu, 2006 akapewa nishani ya Fields, tuzo kubwa kabisa ya hesabu. Wazazi huishia hapo wakimtazama mtoto wao. Nusu ya pili ni kwamba hakurushwa mzima mzima. Alikuwa anafanya hesabu na wakubwa huku masomo mengine akiyafanya kwa kiwango kilichomfaa, na hakuingia chuo moja kwa moja mpaka alipokuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, ingawa hesabu peke yake ingeweza kumwingiza mapema zaidi. Walimpa hesabu aliyoiweza na wakamwachia utoto wake. Mimi huo mpango ndio naupenda, mtoto habanduki alipo, somo moja ndilo linalosogea.

Kitu kingine kinanisumbua, kwamba ukisema hesabu za chuo kila mtu anasikia kalkulasi, kama vile ndiyo peke yake iliyoko ng'ambo ya mto. Olimpiadi ya kimataifa yenyewe haihitaji kalkulasi. Maswali yake ni ya aljebra, jometri, nadharia ya namba na ile hesabu ya kuhesabia njia na mipangilio, vitu ambavyo mtoto wa sekondari ana vifaa vyake vyote, na bado yanawatoa jasho maprofesa. Bara letu lina olimpiadi yake pia, PAMO, tangu 1987. Au chukua matriki. Silabasi yetu inampa mtoto matriki za mbili kwa mbili, inamfundisha kuzitumia kuzungusha na kuakisi pembetatu kwenye grafu, halafu inamwacha mlangoni palepale, hakuna anayemwambia kwamba huo mlango ukiusukuma kidogo uko ndani ya aljebra ya mstari, na hiyo ndiyo hesabu iliyoko chini ya picha za kompyuta na hizi mashine za akili bandia zinazozungumziwa kila siku. Kwa maoni yangu mtoto wa kidato cha tatu anayetaka kwenda mbele aanzie hapo kabla ya kalkulasi. Haihitaji aljebra nzito ya maherufi, inahitaji kufikiri, na inamfundisha uthibitisho mapema.

Kalkulasi nayo ina raha yake sikatai. Kuna siku nilieleza kanuni ya mnyororo kwa matatu. Kama gari linachoma lita 0.2 kwa kila kilomita, na Jogoo Road ikiwa wazi linakwenda kilomita 30 kwa saa, linachoma lita ngapi kwa saa? Watoto wote wakasema 6 bila kalamu. Nikawaambia hiyo mliyofanya, kuzidisha kasi mbili zinazoshikana, ndiyo kanuni ya mnyororo, iliyobaki ni kuiandika kwa maherufi. Mmoja akasema, "Si ungesema hivyo tangu mwanzo." Alikuwa sawa kabisa.

Sasa turudi kwa hofu ya mama, KCSE. Hiyo si hofu ya bure. Huyu binti yuko darasa la mwisho kabisa la 8-4-4. Nyuma yao hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, kuna Gredi ya 10 ya mtaala mpya iliyoingia Januari 2026, na KCSE ya 2027 ndiyo itafunga huo mlango. Akiteleza hawezi kusema atarudia na wa chini yake, hakuna wa chini yake kwa mtaala huo. Na ana masomo mengine saba. Kemia ikianguka klasta inaanguka nayo, hakuna atakayemuuliza kama anajua limiti. Mkamia maji hayanywi, nimewaona waliokamia hesabu za juu wakakosa hata kozi ya hesabu yenyewe kwa sababu ya pointi za Kiingereza. Kwa hivyo mimi naweka sharti na siliondoi, kitabu cha kaka kifunguliwe baada ya kazi ya shule kuisha, na saa nne usiku kifungwe. Usingizi ni sehemu ya hesabu.

Lakini kwa hawa wa Gredi ya 10 na wanaokuja tuna nafasi ambayo hatujawa nayo tangu 1989 na naogopa tutaipoteza kimya kimya. Sekondari ya juu sasa ni miaka mitatu, kuna njia ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), na baada ya yale mabishano ya 2025 ya kama hesabu iwe ya hiari, imebaki ya lazima kwa wote, Core Mathematics kwa wa STEM na Essential kwa wengine. Vizuri. Ila ndani ya hiyo Core bado kutakuwa na mtoto anayemaliza mapema, na darasani kuna watoto hamsini na mwalimu mmoja, huyo mwalimu atafanya nini naye? Atampa kazi ya kusahihishia wengine. Mimi nilifanyiwa hivyo na nimewafanyia watoto hivyo, naungama, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Kitu cha kumpa kipo na hakihitaji bajeti kubwa. Vyuo vyetu viko hapa hapa mjini. Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko mwendo wa matatu moja kutoka katikati ya mji, JKUAT kule Juja ni Thika Road tu. Shule zinafunga Agosti na vyuo vingine vinaendelea na masomo. Ukumbi wa lekcha wa watu mia mbili hauwezi kuvunjika kwa sababu watoto watano wa sekondari wameketi safu ya nyuma. Waruhusiwe yuniti moja, moja tu, wafanye mtihani uleule na kila mtu, wakipita chuo kiandike mahali na kiitambue siku watakapokuja, wakifeli isiandikwe popote na hakuna aibu. Na wasichaguliwe kwa alama za mtihani wa muhula wala kwa barua ya mzazi mwenye gari kubwa. Wachaguliwe kwa kuketishwa na mtu anayejua hesabu, dakika arobaini, swali moja ambalo hawajawahi kuliona, na huyo mtu aangalie wanafanya nini wakikwama. Hicho kukwama ndicho chuo kikuu kinachofundisha. Mtoto ambaye hajawahi kukwama akafurahia bado hajafika wakati wake, hata kama ana A ishirini.

Jumamosi ikafika. Nilimwita binti nikamwambia mwanangu, leo hatufanyi pasti pepa. Nikampa x mchemraba kwanza. Akapanua (x+h) mchemraba polepole, akaitoa, akagawanya, akaniangalia akasema, "Kumbe ile 3 ni idadi, ni mara tatu x inakutana na h." Nilinyamaza. Ni kweli kabisa, ukipanua mabano matatu ziko njia tatu za kuchukua h moja na x mbili, na ndiyo sababu ya kipeo kushuka, na kitabu cha kakake hakikusema hivyo.

Kisha nikampa 1/x. Akafanya lile kosa, lilelile, akatenganisha sehemu. Akapata jibu linalolipuka, 1 kwa h mraba. Mwingine angeniletea nimtilie tiki. Yeye akakaa nalo. Baadaye nikamwona ametoa kalkuleta, ameweka x kuwa 2 na h kuwa 0.1, amepiga 1/2.1 akatoa nusu akagawanya kwa 0.1, kalkuleta ikamwambia kitu kama hasi 0.238, na fomyula yake ilikuwa inamwambia 100. Akacheka peke yake. Akafuta ukurasa mzima. Ilimchukua kama dakika ishirini zaidi kupata hasi 1 kwa x mraba, na akaweka tena 2 akapata hasi robo, akaona ile 0.238 ilikuwa njiani inakwenda huko.

Jioni nikampigia mamake. Nikamwambia Mama, usimnyang'anye. Nikamwambia habari ya saa nne usiku akaguna akasema hiyo itakuwa vita lakini sawa. Nikamwambia pia kwamba nina mtu tuliyesoma naye, sasa anafundisha chuo kimoja hapa mjini, nimemwandikia, amekubali binti aje Agosti shule zikifunga akae nyuma kwa aljebra ya mstari, Jumatatu na Jumatano saa mbili asubuhi, bila jina lake kuandikwa popote kwa sababu hakuna mahali pa kuliandika.

Mama akanyamaza kidogo, nikasikia sufuria nyuma yake. Kisha akauliza, "Mwalimu, aende na yunifomu ama nguo za nyumbani?"

Nikamwambia aende na yunifomu.